Kitenzi kimoja cha Kihispania kilichoniumbua

Najua nimepotea. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimefungwa au nimeoa. Si hili wala lile. Nilikuwa nasoma Kihispania. Na leo siandiki kuhusu siasa, wala foleni, wala umeme. Naandika kuhusu kitenzi. Ndiyo, kitenzi kimoja tu, tena cha wakati uliopita. Vuta kiti, mimina chai, maana kitenzi hiki kiliniumbua mimi, na kilimuumiza mtu mwingine kuliko kilivyoniumiza mimi.

Kitenzi chenyewe ni "decir". Maana yake ni kusema. Kwa mwandishi wa habari hakuna kitenzi kikubwa kuliko hiki. Ukiondoa "alisema" kwenye gazeti lolote, linabaki karatasi ya kufungia vitumbua.

Mimi naandika habari za michezo. Mnajua wenyewe kwamba soka letu limeanza kuongea Kihispania. Azam walikuwa na Zeben Hernández mwaka 2016, Simba wakamleta Pablo Franco Martín mwishoni mwa 2021, Yanga wakamchukua Miguel Gamondi wa Argentina mwaka 2023. Wachezaji kutoka Amerika ya Kusini nao si wageni tena. Mwandishi asiyejua hata neno moja la lugha yao anabaki kumsubiri mkalimani, na mkalimani mara nyingi ni mtu wa klabu. Unapewa kile klabu inachotaka upewe. Ndiyo maana nikaanza kujifunza. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa.

Tatizo ni kwamba nilijifunza kama tulivyofundishwa shule. Miezi minne nikaimba wakati uliopo. Nazungumza, unazungumza, anazungumza. Nakula, unakula, anakula. Kitabu changu kilisema vitenzi visivyofuata kanuni vitakuja mwishoni, sura ya kumi na ngapi sijui, chini ya kichwa cha habari cha kutisha. Nami nikatii. Nikajiambia hivyo ni vya baadaye, vya wataalamu.

Basi siku moja nikapata namba ya mchezaji mmoja wa kigeni. Jina lake silitaji, na klabu yake siitaji. Nikamwomba mahojiano. Akanitumia ujumbe wa sauti, dakika sita hivi. Nikaweka spika za masikioni, nikasikiliza mara tatu, na moyo ukaanza kudunda. Katikati ya maneno yake nilisikia sentensi moja nzima niliyoielewa, neno kwa neno. Nasema, hiyo raha ya kuelewa sentensi nzima ya lugha ngeni haina mfano.

Nilisikia: "Digo que no hay plata."

"Plata" nilikuwa nalijua vizuri, kwa sababu lilinifurahisha siku ile ya kwanza nililolisoma. Maana yake ya asili ni madini ya fedha, na Amerika ya Kusini wanalitumia kwa maana ya hela. Yaani kama sisi tu! Fedha ni madini, fedha ni pesa. "No hay" ni hakuna. "Digo" ni nasema. Nikatafsiri: "Nasema hakuna fedha."

Kesho yake kichwa cha habari kikatoka na herufi nene: HAKUNA FEDHA, MCHEZAJI WA KIGENI AFUNGUKA.

Ilipofika saa nne asubuhi simu yangu ilikuwa ya moto. Yule bwana aliitwa ofisini kwao. Akaambiwa ameichafua klabu. Mechi iliyofuata hakupangwa. Na mimi nikiwa bado najipongeza kwa habari ya kipekee, nikapokea ujumbe wake mfupi wa maandishi: "Yo no dije eso."

Mimi sikusema hivyo.

Nikarudi kwenye sauti. Nikaisikiliza polepole, safari hii na mtu anayekijua Kihispania. Alikuwa anasimulia jinsi alivyoondoka klabu yake ya zamani, kule kwao. Wakala wake alimpigia simu. Halafu, sentensi iliyofuata: "Dijo que no hay plata." Alisema hakuna fedha. Nani alisema? Wakala. Fedha za nani? Za klabu ya zamani. Yule kijana hakuwa amesema lolote kuhusu waajiri wake wa hapa. Nilimvisha maneno ya mtu mwingine, kuhusu klabu nyingine, kwa sababu ya herufi moja.

Digo. Dijo. Nasema. Alisema.

Masahihisho tuliyachapa, tena ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo kama kawaida ya masahihisho. Kichwa cha habari kilikuwa na herufi za ukubwa wa kiganja. Hilo nalo ni mjadala wa siku nyingine.

Sasa tuje kwenye hoja yangu ya leo. Nadai kwamba tunafundishwa lugha kinyumenyume. Vitenzi tunavyoambiwa ni vigumu, vya mwishoni, vya "isipokuwa", ndivyo vinavyobeba mazungumzo yenyewe ya watu. Na nadai pia kwamba sisi Waswahili hatuna sababu ya kuviogopa. Ngoja nieleze.

Tuanze na sikio. Ile g ya "digo", ikiwa katikati ya irabu mbili, haisomwi kama g ya gari. Inalegea, inakuwa karibu na gh yetu ya "lugha". Na j ya Kihispania si j ya jana. Huko Hispania ni kh, kama mzee wa Unguja anavyotamka "kheri". Nchi nyingi za Karibi na Kolombia wanailegeza iwe h ya kawaida, kama sisi wa bara tunavyosema "heri". Kwa hiyo tofauti iliyonishinda ni tofauti ya "digho" na "dikho". Mtoto aliyepita madrasa, aliyefundishwa kutenganisha ghaini na kha, asingekosea. Mimi nilikosea kwa uvivu wa ulimi wa mjini, ulimi unaosema "luga" na "gali" bila aibu. Siku hizi nina njia yangu ya kukumbuka: Mdigo wa Tanga au wa Kwale anasema mwenyewe, kwa mdomo wake, sasa hivi. "Digo" ni mimi, sasa. Ndugu zangu Wadigo mnisamehe, mmenisaidia sana.

Tuje kwenye umbo. Hivi ndivyo "decir" inavyokuwa katika wakati uliopita: dije, nilisema, dijiste, ulisema, dijo, alisema, dijimos, tulisema, dijisteis, mlisema, ambayo utaisikia zaidi Hispania kwenyewe, dijeron, walisema. Ukitazama haraka unaona fujo. D-e-c imepotelea wapi? Hiyo j imetoka wapi?

Imetoka Roma. Kilatini kilisema "dixi", nilisema, na x yake ilisomwa ks. Karne zikapita, ks ikawa sh kwenye midomo ya watu wa Kastilia, wakaandika "dixe" na "dixo". Baadaye, katika karne ya 16 na ya 17, ile sh ikarudi nyuma kooni ikawa kh. Maandishi yalichelewa kuifuata. Ni mwaka 1815 Akademia ya Kihispania ilipoamua sauti hiyo iandikwe kwa j. Ushahidi mnao: kitabu cha Cervantes cha mwaka 1605 kilichapwa kwa jina la Quixote, leo Wahispania wanaandika Quijote, na Wafaransa walioazima mapema bado wanasema Quichotte, kwa sh. Nchi ya México nayo imeng'ang'ania x yake mpaka leo huku ikitamkwa kh.

Kwa hiyo "dijo" haikuvunja kanuni yoyote. Ni mzee aliyekuwepo kabla ya kanuni. Unamkuta amekaa barazani, wewe uliyekuja jana unamuuliza kitambulisho!

Na wazee hawa hawako peke yao. Wana ukoo. Tener, kuwa na kitu, inatoa tuve na tuvo. Estar, kuwa mahali, inatoa estuve. Poder, kuweza, ni pude. Poner, kuweka, ni puse. Saber, kujua, ni supe. Querer, kutaka, ni quise. Venir, kuja, ni vine. Hacer, kufanya, ni hice, na "alifanya" ni hizo, ambayo macho yetu yanaisoma "habari hizo". Traer, kuleta, ni traje. Mashina yanabadilika, lakini mikia ni ile ile kwa wote: -e, -iste, -o, -imos, -isteis, -ieron. Wale wenye j tu ndio wanaodondosha i moja mwishoni: dijeron, trajeron. Ukoo mzima hauzidi vitenzi kumi na tano hivi pamoja na vizazi vyao. Hiyo si bahari jamani, ni orodha ya wachezaji kumi na mmoja na wa akiba.

Hapa kuna jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia, na nimelifurahia kuligundua mwenyewe. Vitenzi hivi vya kutisha vinatufaa sisi kuliko vile vya kawaida!

Sikiliza. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Karibu maneno yote: baBAba hatusemi, tunasema BAba, aliSEma, kiTAbu, mwaLImu. Sasa chukua kitenzi cha Kihispania kinachofuata kanuni, "hablar", kuzungumza. "Hablo", mkazo mwanzoni, ni nazungumza. "Habló", mkazo mwishoni, ni alizungumza. Tofauti nzima ya nani na lini imekaa kwenye mkazo. Ulimi wa Mswahili unaiona "habló" na kwa mazoea ya tangu utotoni unaivuta mkazo nyuma: HAblo. Tayari umeshageuza alizungumza kuwa nazungumza. Hivyo hivyo "hablé", nilizungumza, ukiivuta nyuma inakuwa "hable", tafadhali zungumza. Lakini wale wazee? DIje, DIjo, TUvo, PUso, SUpo, VIno. Mkazo uko pale pale tunapoupenda. Huna haja ya kupigana na ulimi wako. Kinachomtesa Mwingereza darasani, wewe umezaliwa nacho.

Kwa hiyo mwalimu anayetuanzishia "hablar" kwa sababu eti ni rahisi, anatuanzishia penye mtego. Angeanza na "dijo".

Swali linakuja: kwa nini lugha zinawafuga wazee hawa? Kwa nini wasinyooshwe tu? Watafiti wa Harvard, Erez Lieberman na wenzake, walichapisha jibu zuri mwaka 2007 kwenye jarida la Nature. Walichukua vitenzi 177 vya Kiingereza cha kale visivyofuata kanuni wakavifuatilia. Katika Kiingereza cha kati vilikuwa vimebaki 145. Leo vimebaki 98. Vingine vyote vimenyooshwa. Na waligundua kwamba kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu kuliko kingine, hunyooka mara 10 haraka zaidi. Kwa maneno mengine, kinachotumika kila siku hakibadiliki. Kinachosahaulika ndicho kinachonyooshwa.

Hebu fikiria maana yake. Kitenzi kuwa kigumu ni alama kwamba watu hawawezi kuishi bila hicho kitenzi. Kusema, kuja, kwenda, kuwa, kufanya, kutaka, kujua, kuleta. Hizo si pembezoni za lugha, ni jikoni kwenyewe. Na vitabu vyetu vimeiweka jiko sura ya mwisho!

Kanuni hii inaonekana hata kwa Kihispania. "Andar", kutembea, kwa usahihi ni "anduve". Lakini haitumiki sana kama "dije", ndiyo maana Wahispania wenyewe, watu wazima na akili zao, utawasikia wakisema "andé". Akademia inawakataza, wao wanaendelea. "Dije" haina mtu mzima anayeichezea namna hiyo.

Kabla hujawacheka, tujiangalie na sisi. Nani kasema Kiswahili kimenyooka? Mwambie mgeni aseme kwa kuamuru: pika, soma, kimbia. Safi. Sasa mwambie "la!" badala ya kula. Hapana, ni "kula!" Na "nywa!"? Hapana, ni "kunywa!" Basi mgeni mwenye akili atasema "kuja!" Nasi tunacheka: ni "njoo", bwana. Njoo imetoka wapi? Haifanani na kuja hata kidogo. Na ukienda Nairobi utasikia "kuja hapa" barabarani kote, na wengine wetu wa Bongo tunakunja pua. Lakini yule wa Nairobi amefanya kile kile alichofanya Mhispania wa "andé": amenyoosha. Ana mantiki kuliko sisi. Sisi tuna mazoea kuliko yeye.

Na wakati wetu uliopita je? Nilisema, ulisema, alisema. Nzuri sana, -li- yetu haiyumbi. Haya, kanusha. Sikusema. -Li- imekwenda wapi? Imekimbia! Imekuja -ku-. Na "nimesema" ikikanushwa inakuwa "sijasema", -me- nayo haionekani. Mhispania yeye anachukua "dijo", anaweka "no" mbele, kazi imekwisha: no dijo. Yule mchezaji aliponiandikia "yo no dije eso", kwake ilikuwa neno moja dogo la kuongeza. Kwangu kuitafsiri nilibadilisha kitenzi kizima. Sasa nani mwenye lugha ngumu?

Nakuja kwenye jambo zito zaidi, hasa kwa sisi tulio kwenye kazi hii. Wakati uliopita wa Kihispania una milango miwili. Kuna "dijo", alisema, jambo limetokea likaisha. Na kuna "decía", alikuwa akisema, jambo lililokuwa linaendelea au la mazoea. Wanafunzi wa Kiingereza wanahangaika sana hapa. Mswahili hana haja. Fikiria hadithi: "Bibi alikuwa akipika, mara mgeni akaja, akakaa, akasema." Ile "alikuwa akipika" ndiyo decía na wenzake. Zile "akaja, akakaa, akasema" ndizo vino, se sentó, dijo. -Ka- yetu ya masimulizi inakaa mle mle. Ukijua kusimulia hadithi kwa Kiswahili, nusu ya sarufi hiyo unayo tayari.

Lakini kuna vitenzi ambavyo mlango unabadilisha maana yenyewe, na hapo ndipo mwandishi anaweza kufungisha mtu. "No quería responder" ni hakuwa anataka kujibu. Hali ya moyo tu. Pengine alijibu mwishowe. "No quiso responder" ni alikataa kujibu. Hicho ni kitendo, na kwenye gazeti ni tuhuma. "Lo sabía" ni alikuwa anajua. "Lo supo" ni alipata kujua, habari zilimfikia siku hiyo. Sasa weka hapo kiongozi na fedha zilizopotea. Je, alikuwa anajua, au alipata kujua siku ile? Kesi nzima imelala kati ya sabía na supo. "Podía salir" ni alikuwa na uwezo wa kutoka. "Pudo salir" ni alifanikiwa kutoka. Mmoja huenda bado yuko ndani ya nyumba inayoungua, mwingine yuko nje anahema.

Na vitenzi vyote hivyo, querer, saber, poder, ni vya ule ukoo wa wazee. Vile "vya baadaye". Unaona sasa?

Kuna wanaoniambia kwenye vijiwe: kaka, Kihispania cha nini? Tuna Kiingereza kinachotushinda. Nawajibu hivi. Kihispania kina watu karibu milioni 500 wanaokizungumza kama lugha ya kwanza. Ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Na hata Afrika kipo: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, ndiyo lugha yao ya serikali, na ndiyo sababu Kihispania kimo kwenye orodha ya lugha za Umoja wa Afrika, meza moja na Kiswahili, ambacho mwaka 2022 kiliidhinishwa kuwa lugha ya kazi ya umoja huo. Hata kwenye msamiati tumewahi kula sahani moja. Waarabu walitawala sehemu za Hispania toka mwaka 711, na ngome yao ya mwisho, Granada, ikaanguka 1492. Wakaacha azúcar kule, na sisi tukachukua sukari. Wakaacha "hasta", mpaka, na sisi tuna "hata", ile ya wazee waliosema "hata lini?" Si wageni wa mbali kiasi hicho.

Lakini sibishani sana juu ya Kihispania. Jifunze Kichina, jifunze Kiha, jifunze Kimakonde. Ninachobishania ni namna. Sisi tulijifunza lugha ya kigeni kwa woga. Go, went, gone, darasa zima kwa pamoja, fimbo ikiwa mezani. Ukikosea unachekwa na wenzako mpaka likizo. Wengine walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yao. Tukatoka shule tukiwa tumekariri jedwali lote na hatuwezi kumuuliza mtu njia. Ukubwani tumehamishia tabia ile ile mitandaoni: mtu akichapia kimombo kidogo, picha yake inasambaa nchi nzima. Halafu tunashangaa kwa nini kwenye mikutano ya kimataifa watu wetu wanakaa kimya.

Woga huo ndio ulionifanya nisimuulize yule mchezaji. Ningeweza kumwandikia swali la maneno matatu tu: "¿Quién dijo eso?" Nani alisema hivyo? Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa naona haya kukosea kitenzi. Nikaona ni afadhali nikisie. Kiburi na woga ni mapacha, na siku ile walikaa wote wawili kwenye kompyuta yangu.

Nilimfuata kumwomba radhi ana kwa ana. Nilijiandaa kwa matusi. Alinitazama, akacheka kidogo kwa uchovu, akasema nirudie baada yake: digo, dijo, digo, dijo. Tulirudia pale nje ya uwanja mpaka walinzi wakatuona wehu. Halafu akanipa zoezi ambalo mpaka leo naliona ni bora kuliko vitabu vyangu vyote. Kila nikikutana naye, au nikimpigia, nimweleze nani kasema nini. Kocha kasema nini? Dijo que... Mashabiki wamesema nini? Dijeron que... Na wewe ukasema nini? Dije que...

Yaani umbea, wadau. Umbea mtupu! Nikagundua umbea ndiyo shule kamili ya wakati uliopita. Ndani yake mna kila kitu: alikuja, alisema, alitaka, alikataa, alileta, alikuwa na nini, alikwenda wapi, mimi nikafanya nini. Vino, dijo, quiso, no quiso, trajo, tuvo, fue, hice. Ukoo wote wa wazee unapita kwenye kibaraza kimoja kwa dakika tano. Hakuna mtu anayepiga umbea kwa wakati uliopo. Na hakuna anayeusahau umbea aliousimulia mwenyewe.

Kwa wiki tatu za umbea nilikuwa nimejua vitenzi ambavyo miezi minne ya jedwali haikunigusisha. Nilikosea sana. Nilisema "dijieron" kama watoto wao wadogo wanavyosema. Alinisahihisha bila kucheka, na mimi nikamsahihisha aliposema "njooa" na "sialisema". Tukawa sawa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza lugha yoyote: usiulize kipi rahisi, uliza kipi kinasemwa sana. Anza na kusema, kuja, kwenda, kuwa, kutaka, tena anza na wakati uliopita, kwa sababu binadamu tukikutana tunasimuliana yaliyopita. Jedwali lichore baadaye, kupanga ulichokwisha kukijua. Na kwa walimu mnaosoma hapa, najua mpo: ondoeni lile neno "isipokuwa" mbele ya vitenzi hivi. Mnawatisha watu bure.

Kwa wenzangu wa kalamu nina moja tu. Kama hujaelewa nani alisema, uliza. Ni aibu ya dakika moja. Yule bwana alikaa benchi mechi moja kwa sababu mimi sikutaka kuaibika dakika moja. Alinisamehe, lakini dakika zake 90 sikumrudishia.

Nyie mlijifunzaje lugha zenu za ugenini? Kuna neno lililowahi kuwaumbua hadharani? Semeni, hapa hachekwi mtu.